Koti la Sungura Lilikuwa Jekundu

Mjukuu wangu Neema,

Tunakusalimu kutoka Durban. Mama yako mdogo bado anasuka nywele pale mtaani Isipingo. Mimi miguu imechoka, lakini mkono bado unaandika.

Umeuliza kama kweli yule sungura wa katuni alianza bila rangi. Ndiyo. Kwetu Bukavu, padri alituonyesha sinema zake katika ukumbi wa parokia, nyeusi na nyeupe tu, nami nilisimama kando ya kitambaa cha sinema nikieleza kwa Kiswahili. Siku moja nilijigamba kwamba nilishamwona kwa rangi seminarini, na koti lake ni jekundu. Bibi yako, wakati huo msichana fundi cherehani, akamshonea mdogo wake koti kama hilo.

Kisha sinema ya rangi ikafika. Koti lilikuwa la kijani.

“Mfasiri, uko muongo!” ukumbi mzima ukapiga kelele.

Bibi yako akasimama. “Mumuache! Koti ya kwetu iko nyekundu. Wale wazungu ndio walikosea rangi.”

Watu wakacheka, nami nikapona.

Neema, sikuwahi kuiona rangi hiyo popote, na sitaki kufa na uongo huo. Hata bibi yako sikumwambia. Alipokuwa mgonjwa, siku zake za mwisho, aliniuliza, “Mzee, ile sinema ya rangi uliionaga wapi?”

“Seminarini,” nikajibu.

Akanishika mkono, akatabasamu. “Asante kwa nyekundu.”

Mungu akutunze. Ukimwona sungura huyo, nisalimie, hata kama amevaa kijani.

Babu yako