Tezi Isiyo na Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Maharage bado hayajapaliliwa. Nimekaa kitini hadi ukungu ukaisha juu ya migomba. Si uvivu, Mungu anajua. Baridi hainiachi hata jua likiwaka, na usingizi hauniishi. Perpetua, mke wangu, kanisema. Nikamfokea. Alhamisi majibu ya damu.

Alhamisi, 6 Machi
Kituo cha afya. Daktari, binti mpole, alieleza kwa kirefu. Nikawa nasinzia, sauti yake inakuja na kupotea kama redio yenye betri kuukuu. Nimeshika mawili tu: tezi, na hakuna dawa. Nirudi baada ya miezi mitatu. Tezi dume ndiyo iliyomzika jirani yetu Balthazari. Nimeona aibu kuuliza, yule ni binti. Naogopa sana.

Jumapili, 16 Machi
Sijamwambia Perpetua. Baada ya misa nimemtembeza mipaka yote ya shamba, ajue. Nikamsifu kwa kilimo chake. Miaka arobaini sijawahi. Kaniangalia kama mgeni.

Jumatano, 23 Aprili
Nimesinzia kibarazani mchana. Nikamwona marehemu mama ng'ambo ya mto Ruvubu, ananiita kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Maji kimya kabisa. Sikuvuka. Nilipoamka nilikuwa nalia, na Perpetua amenifunika kitenge chake. Nimemshukuru. Siku hizi namshukuru kwa kila kitu, muda ni mfupi.

Jumanne, 3 Juni
Majibu ya kipimo cha pili. Nikajikaza, nikauliza nimebakiza muda gani. Daktari kashangaa. Akanigusa kooni.
"Babu, tezi yako ni hii ya shingo. Imezubaa kidogo tu. Haihitaji dawa."
Tena kipimo kimerudi karibu na kawaida chenyewe. Kwa umri wangu, anasema, vidonge vinaweza kuusumbua moyo bila faida. Na uchovu huenda una sababu nyingine, tutaitafuta. Kumbe siku ile alisema "hakuna dawa kwa sasa", na mimi "kwa sasa" ikanipita. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili! Nimecheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani Mugoma.

Jumatano, 4 Juni
Nimemweleza Perpetua yote. Hakucheka. Alichambua maharage muda mrefu, macho kwenye ungo.
"Kwa hiyo sasa utarudia kunifokea?"
Nikasema hapana. Akausogeza ungo katikati yetu. Tumechambua hadi saa ya chai.