Miguu Yangu ku Kilio

Siku ya ine, usiku

Tena miguu. Hata sasa naandika nikisimama, kaye yangu ya kuandikia juu ya kabati.

Tangu dokta aliongeza kinini ingine, kidonge ya pili, juu ya ile ya huzuni, mi siweze kutulia. Leo ilizidi, ku kilio ya Mama Odette, jirani yetu hapa Katuba, mwenye alikufa. Bamama bote baliikala chini ku mikeka, miguu imenyooka, vile inafaa. Mi naikala, nasimama, naikala. Nikaona macho ya bantu inaanza kunifuata, nikakamata ndoo, nikagawa maji.

Nilizunguka vile tu, bila kupumuzika. Tantine Béa, wa ku nyumba yetu, akanishika mukono.

« Miezi yote ile haukutoka mu chumba, na leo unapita bote kwa kazi. Mungu alikuponyesha. Acha ile dawa ya bantu ya wazimu. »

Alisoma karatasi ya mu boîte ya kinini, njo maana anaiita vile. Nikavuta mukono, nikaendelea kugawa. Hajue kama ni kinini njo ilikuwa inagawa maji.

Kesho naenda kwa dokta, apunguze. Akikatala, sijue, pengine nitaiacha mi mwenyewe...

Lakini wakati balitosha sanduku ya maiti inje ya nyumba, nilisimama na ndoo yangu, machozi ikatoka. Mama Odette alikuwa ananiletea bukari ya kula mpaka ku kitanda, na mi sikusema hata asante.

Mwaka jana, wakati mama yangu alikufa, hakukutoka hata chozi moja.

Leo nilibalilia bote babili.