Sura Iliyogoma Kuchorwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na mvua hizi, na kwamba dawa unazimeza kama daktari alivyosema, si siku ile tu unapojisikia. Mwajuma, mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, mwangalie usoni ukifika hapo kwenye dawa. Mimi ni mzima, ni baridi ya Landani tu ndiyo tunayogombana nayo. Sikupiga simu kwa sababu habari hii haitaki haraka za simu. Yule mzee niliyekuwa namhudumia, Bwana Edward, mchoraji wa sura za watu, amefariki.

Sijawahi kukueleza vizuri alivyofanya kazi. Wakubwa walikuja nyumbani kwake, wakaketi kitini, akawachora. Sasa mtu akikaa kimya muda mrefu uso hulala, ukawa kama wa picha ya pasipoti. Kwa hiyo mkewe, Bi Margaret, aliketi nyuma ya bega la mumewe akipiga soga na mgeni mpaka uso uamke. Ndiyo maana majaji na maaskofu wote kwenye picha zile wanaangalia kando kidogo. Wanamwangalia yeye. Mwenyewe hakuwahi kuchorwa hata mara moja, maana nani angempigia soga?

Walizaa wawili. Helen yupo, anafanya kazi ya ofisi. Thomas, kifungua mimba, alikufa kijana kwa ajali ya pikipiki. Helen ndiye aliyeniambia, tena jikoni, kwa kunong'ona, kwa sababu jina hilo halikutajwa tena mle ndani. Nilishangaa, lakini nyumba ya watu ina desturi zake, nikafunga mdomo.

Madaktari walipomwambia Mzee kwamba hana muda, alitaka kitu kimoja tu, amchore mkewe kabla hajafa. Mama, ilikuwa kazi! Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini tatizo halikuwa mkono. Bi Margaret akishakaa kitini, uso unafunga komeo. Mzee anachora, anafuta kwa kitambaa, kesho tena. "Maggie, umekaa kama unasubiri basi," akamwambia. Helen akaja kumzungumzisha mama yake, wakaishia kubishana juu ya dawa. Nguvu zilimwisha huku namwona, nikajua atakufa hajaipata ile sura. Ndipo siku moja akanigeukia: "Saumu, mzungumzishe wewe. Chochote."

Mimi nina nini cha kumwambia mke wa mchoraji? Nikamweleza habari zako. Nikamwambia kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, kwa hiyo wewe ni Mama Idi, na Idi alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Nikamsimulia matanga yalipokwisha, majirani walivyokubaliana wakuite Mama Saumu ili wasikutoneshe kidonda, nawe ukawatokea mlangoni: "Mtoto nimemzika. Jina langu sijalizika."

"Hata leo wanamwita hivyo?" akauliza.

"Hata leo. Hata watoto wa jirani ambao Idi hawamjui. Shikamoo, Mama Idi."

Bi Margaret akasema, "Thomas alikuwa akilala na viatu." Basi, bomba likafunguka. Alivyoiba keki, alivyomwogopa bata, anacheka na machozi yanamtiririka. Nikainuka nimfute, Mzee akanifokea, "Mwache!" Naye alikuwa analia vilevile, lakini brashi haikusimama. Utulivu ule mkono wake uliupata wapi, sijui.

Uso aliumaliza. Mikono hakuwahi kuichora, Mungu akamchukua. Nimemlilia yule mzee, Mama, nimemlilia kweli. Helen alitaka atafutwe mchoraji mwingine amalizie. Bi Margaret akakataa katakata. "Alichokitafuta alikipata," akasema. Maziko yenyewe yalikawia majuma, mpaka nikaona aibu utadhani marehemu ni wa kwetu. Hapa ndivyo walivyo.

Kanisani kasisi akawataja wafiwa, mke na binti. Bi Margaret akasimama. Watu wa hapa hawasimami ovyo kanisani. Akasema kwa sauti, "Mimi ni mama yake Thomas pia. Naye atajwe." Kasisi akamtaja. Helen akamkumbatia mama yake, akalia kama mtoto mdogo.

Kazini nimehamishiwa kwa bibi mwingine, huko Wembley, mkali lakini tunaelewana. Nisalimie Mjomba Ramadhani, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi Mwanahawa, mlezi wangu, mwambie maandazi yangu sasa yanaumuka. Jumapili nilimpelekea Bi Margaret. Aliposikia nitakuandikia, akanifundisha salamu zake neno kwa neno, nisipunguze: kwa Mama Idi, kutoka kwa Mama Thomas.

Mwanao,
Saumu