Alama ya Aliyebeba Zawadi

Kashozi, Bukoba
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Georgina,

Waitu, hujambo huko Tabora? Miguu bado inakusumbua? Mimi nina miaka themanini na tatu. Vita ya Kagera imepita nikaiona ikipita, mnyauko umemaliza migomba ya majirani, tetemeko limeangusha jiko likaniacha nimekaa. Mapadri watatu walionionya niache ubishi nimewazika wote.

Najua hujaniandikia miaka kumi na moja, na sababu ni kile kibanja, shamba la baba yetu Taata kule Muleba. Usiichane barua. Nitafika huko, ila kwanza upate habari iliyonifikisha, nayo ni kubwa.

Mjukuu wangu Annastella, binti wa Avit, amepanga chumba Kashai, anasomea ualimu. Anatunga lugha. Si mafumbo ya watoto, ni lugha kamili, imejaza madaftari mawili. Anasema duniani wapo wengi wa kazi hiyo, wanatumiana maneno kwa simu. Nilicheka, nikamuuliza kama Kihaya na Kiswahili havijamtosha. Lakini alipoanza kunieleza, Georgina, nilisahau hata kulisha ng'ombe.

Sikiliza. Sisi tukisema "nimempelekea," neno moja limebeba watu wawili na kazi yao, kama mwanamke atokaye shamba, mtoto mgongoni, mkungu kichwani. Katika lugha yake neno la kutoa halibebi mtu. Kila mmoja anavaa alama yake mkiani: kinachotolewa kinavaa ti, anayepewa anavaa lo. Kuku-ti, padri-lo. Hata ukiyavuruga maneno, kuku hawezi kupewa padri. Hata Kiesperanto, kilichotungwa na mtu mmoja kabla Taata hajazaliwa, kinakitia kitu alama ya n, ila anayepewa kinamtangulizia kijineno chake.

Sasa mimi wa darasa la nne nikaona kasoro ambayo wasomi wote hao hawakuiona. Nikamuuliza, aliyebeba yuko wapi? Kwetu mtu akimpa mkwe pombe ya rubisi haibebi mwenyewe, anatuma mtu. Na aliyetumwa haonji njiani, hata kiu ikimkaba, mpaka mwenye kupokea afungue na kumkaribisha. Annastella akaacha kuandika, akanitazama. Akasema kweli, huyo anastahili alama yake. Akampa ra. Kwa hiyo ujue, ipo lugha duniani yenye alama iliyotoka kichwani kwa kaka yako.

Nikammiminia mifano. Nikamweleza nilivyobeba kibuyu cha Taata hadi Kamachumu nikiwa kijana, jua kali, mlima ule, na sikuonja tone. Akaandika: Apolinary-ra. Nikamwambia aandike tena, kwa herufi kubwa.

Ndipo akauliza polepole, "Babu, na kile kibanja cha Muleba, alipewa nani? Na nani alikibeba?"

Nikamwambia hiyo si habari yake, arudi Kashai, pikipiki inamsubiri. Akafunga daftari, akaniaga kwa heshima, akaenda.

Siku mbili swali lake halikuniacha. Siku Taata anakata roho wewe ulikuwa bado njiani, chumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alisema, "Kile cha Muleba mkabidhi Georgina." Basi. Wewe ulipofika msibani ukasema alikuahidi, mimi nikasimama mbele ya ukoo nikasema hakutamka neno, na kwamba ardhi ya ukoo haimfuati mwanamke. Hiyo ya ukoo niliisema kwa sababu ilinifaa. Georgina, mimi sikuonja tu njiani, nilikunywa kibuyu chote.

Jumatano nilipanda gari hadi Muleba, peke yangu, bila fimbo. Nikasema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba kibanja ni chako tangu Taata alipotamka, na mimi nilikuwa nimetumwa tu. Tumeutembea mpaka wote, mulamula za mpakani alizopanda Taata zingalipo. Kahawa zimeanza kuiva. Zile nilizochuma miaka yote siwezi kuzitapika, lakini hizi njoo uzichume mwenyewe.

Jana Annastella amerudi, hana kinyongo, kacheka mpaka machozi. Ameiandika sentensi nzima mwanzoni mwa daftari jipya: Taata wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyetoa, kisha kibanja-ti, Georgina-lo, Apolinary-ra. Anasema wenzake watajifunzia humo. Watu wa nchi ambazo sitazifikia watalisoma jina lako.

Nisalimie shemeji Alexander, na Agnetha na wanawe. Mungu aitie nguvu miguu yako ikufikishe huku kabla kahawa hazijadondoka.

Ukidhani uzee umenitungia haya, muulize mwenyekiti Mwijage, na Anatolia anayepakana nawe upande wa chini, na Rutashobya, ambaye unajua hajawahi kukubaliana nami jambo lolote. Wote watatu wametia sahihi karatasi ya kibanja. Mwijage aliniuliza mbele yao kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikamwambia huyo hajazaliwa.

Kaka yako akupendaye, ingawa kachelewa kufika,
Apolinary