Mchujo wa Wapiga Ngoma

Bweni la Wasichana,
Musoma.
19 Septemba 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshakula, umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mama naye nampa shikamoo yake. Kaka Boniphace msalimie sana, na kama ameifungua bahasha hii njiani kabla haijafika Buswahili, mwambie nimejua. Mimi ni mzima. Malaria ya mwezi uliopita imepona kabisa, na chakula cha hapa nimekizoea, isipokuwa dagaa, ambao naamini wanapikwa pamoja na mchanga wote wa ufukweni.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya njano. Naomba usiisaini kwanza. Soma barua yote ndipo uamue, maana nataka ukisaini uwe unajua unamsainia mtoto wa namna gani.

Baba, shule yetu ina bendi. Mbele wanatembea wenye tarumbeta, nyuma yao wapiga ngoma, na nyuma kabisa lile ngoma kubwa linalobebwa na Prosper wa kidato cha nne, ambaye likishamkaa tumboni haoni tena anakokanyaga. Mimi toka kidato cha kwanza moyo wangu uko kwenye ngoma ndogo, zile zinazovaliwa kiunoni na kulia kama mvua juu ya bati. Mwaka huu wapiga ngoma wanne wanamaliza shule. Mwezi wa tano Mwalimu Hezron akatangaza mchujo wa mwezi wa tisa. Huyu mwalimu alipigaga bendi jeshini, na hata akienda dukani Iringo kununua vocha anatembea kama anakaguliwa. Alisema anataka watu wanne tu. Tulijiandikisha ishirini na watatu.

Sasa hapa ndipo utakaponikunjia uso mara ya kwanza. Kiongozi wa wapiga ngoma ni Tabitha wa Mzee Bernado, jirani yetu.

Sijasahau ulichoniambia mwezi wa saba wakati narudi shule. Ulisema mtu yeyote wa nyumba ile nisimwamkie, nisimwitikie, wala nisimwazime hata kalamu, mpaka baba yake atakapokiri kwamba ndiye aliyewaita ng'ombe wetu kwa dawa. Baba, nilijitahidi. Nilijitahidi siku nne. Siku ya tano Tabitha alinikuta nyuma ya jiko napiga sinia kwa vijiko viwili, akasimama akanisikiliza, kisha akaniambia kwamba mikono yangu ni mizuri ila miguu ni ya mtu anayevuka tope. Ilikuwa kweli. Nikiwa nimesimama napiga vizuri. Nikianza kutembea, mkono wa kulia unatoka na mguu wa kulia, nakwenda upande upande kama kaa. Nikamwitikia.

Alinifundisha karibu miezi miwili. Kila siku baada ya usafi wa jioni tulikuwa tunazunguka uwanja wa netiboli, yeye mbele anahesabu, mimi nyuma na ndoo ya plastiki imefungwa kiunoni kwa mtandio. Alinifunga kitambaa chekundu mguu wa kushoto nisisahau ndio unaoanza. Nikawa napiga kila mahali. Nilipiga sanduku langu la bati mpaka Matroni Susana akaninyang'anya vijiko, nikawa nakula ugali na maharage kwa mkono. Nilipiga dawati kwenye kipindi cha Baiolojia, nikatolewa nje, nikapiga mlango. Siku moja kwenye foleni ya chakula nilikuwa nagonga sahani taratibu bila kujua, na nilipogeuka nikaona foleni nzima inaenda mguu sawa, pamoja na mwalimu wa zamu. Yeye alipogundua akabadilisha mguu, akaniandika jina.

Mchujo ulikuwa Jumamosi iliyopita. Nilikuwa namba kumi na tisa. Mwalimu Hezron alikaa nyuma ya meza na macho ameyafumba, pembeni yake makamu mkuu wa shule na chupa yake ya chai, na Tabitha amesimama na daftari la alama. Sharti lilikuwa kupiga huku unatembea kutoka goli moja hadi jingine, bila kusimama, hata itokee nini. Waliotangulia walipata taabu. Mmoja alifika katikati akasahau kila kitu, akapiga saluti, akaondoka. Mwingine alipiga vizuri sana ila alitoka uwanjani akaendelea mpaka barabarani, kwa sababu hakuna aliyemwambia ageuke.

Zamu yangu nilianza vizuri. Mguu wa kushoto, mkono unajibu, kitambaa changu nakiona. Nilipofika mbele ya meza mkono ulikuwa na jasho, kijiti kikaniponyoka. Kiligonga chupa ya makamu mkuu, ikalala, chai ikamwagika kwenye suruali yake. Nikaona anainuka. Baba, nilitaka kulia, lakini miguu ilikuwa bado inaenda, nami nikaona haya kuiacha peke yake. Nikaendelea na kijiti kimoja na kiganja mpaka golini, nikageuka, nikarudi.

Mwalimu Hezron akafumbua macho. Hakuuliza habari ya chai. Aliuliza nani alinifundisha kushika mapigo bila kuyumba, kwa sababu kutembea, alisema, anaona ni kazi ya Tabitha, lakini mapigo yale ni ya mtu aliyepiga muda mrefu.

Kwa furaha ya kusifiwa mdomo ukanitoka. Nikasema, "Likizo nilikuwaga nawapigia ng'ombe."

Uwanja mzima ukacheka. Hata makamu mkuu alicheka, na suruali yake imelowa. Tabitha hakucheka. Aliacha kuandika akaniangalia, akauliza polepole, "Ng'ombe wa kwenu?"

Hapo nilijua amejua.

Baba, ni hivi. Likizo ya mwezi wa sita uliniachia kazi ya kuwapa ng'ombe magadi ya kulamba kila saa sita mchana, wakati ninyi wote mko shambani. Nilikuwa nawahi mapema, nageuza dumu la maji, nalipiga nusu saa nzima kwa ajili ya mchujo, kisha ndipo namwaga magadi. Siku za mwanzo walinishangaa tu. Baada ya wiki mbili, nikigonga mara tatu walikuwa wanakuja wote kumi na mmoja, wanajipanga, hadi yule dume mkorofi. Mimi nilifurahi kupata watazamaji. Sikufikiria zaidi.

Ile Jumamosi vijana wa makambi ya kanisa walipopita barabarani na ngoma zao, ilikuwa saa sita. Nilikuwa naleta magadi. Niliwaona ng'ombe wanainua vichwa. Nilipofika zizini ua ulikuwa umeshalala chini, na ng'ombe wako wanapita juu ya matuta ya viazi ya Mzee Bernado kuwafuata wapiga ngoma. Walienda nao mpaka mlangoni mwa kanisa. Unakumbuka mzee wa kanisa alisema hajawahi kuona ng'ombe wanaopenda neno kiasi kile. Walikuwa wanangoja magadi.

Mzee Bernado hakuita ng'ombe wa mtu. Niliwaita mimi. Mbele ya mwenyekiti wa kitongoji wewe ulisema ng'ombe wako hawatokagi bila kuitwa, naye akasema umewafungulia makusudi wamalize viazi vyake, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu na ndoo ya magadi, nikanyamaza. Niliogopa fimbo, kisha nikaogopa aibu, kisha nikarudi shule nikajifanya yameisha. Hayajaisha. Mama aliniambia kwa simu ya matroni kwamba mvua zimekaribia na hakuna aliyelima, kwa sababu yeye ana plau na wewe una maksai, na hakuna anayetaka kumtazama mwenzake.

Tabitha hakunigombeza. Jioni ile alinirudishia kijiti changu, akaniambia nimepata nafasi ya tatu kati ya wanne, alama amejumlisha mwenyewe na hakunipunguzia hata moja. Kisha akasema, "Baba yangu anaitwa mchawi na watoto barabarani. Utaandika wewe au niandike mimi?" Nilikaa siku tano na kalamu. Nimeandika mimi.

Nimeandika mbili. Ya Mzee Bernado ameipeleka kaka yake Tabitha jana. Nayo ina maneno haya haya, pamoja na ahadi kwamba likizo ya Desemba nitampandia matuta yote upya kwa mkono wangu. Sasa Baba, unajua kwamba macho yake hayasomi, na kila barua aliyowahi kupata maishani wewe ndiye uliyemsomea. Kwa hiyo ukimwona anazunguka zunguka langoni na karatasi mkononi, anaona haya kuingia, tafadhali mkaribishe. Msomee yote, usiruke pale penye jina langu.

Ukimaliza, kama bado unaona nafaa, saini ile fomu ya kuniruhusu kuingia bendi. Mahafali ni tarehe kumi na moja Oktoba, na wazazi wa wanabendi wanakalishwa mstari wa mbele, benchi moja. Ukiona usisaini, nitaelewa, nitapiga makofi na wengine.

Mpe Mama salamu zangu tena, na wote wa hapo nyumbani. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako aliyekukosea,
Dafroza Masatu,
Kidato cha Tatu B.