Kufuata Jua Chumbani

Nyamirambo, Kigali
Juni 1992

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha baba? Mimi mzima, ila nimechoka, mama. Ni uchovu wa kukaa.

Idrisa ananipenda mpaka naona haya kukuandikia. Akirudi kufundisha hunibusu vidole kimoja kimoja kabla hajavua viatu. Lakini huku bibi harusi hatoki nje wala hashiki mwiko mpaka watu wa kwao waje na vyakula kumfunua. Wanaita gutwikurura. Nilikuwa namngoja kaka, naye kaniandikia kwamba vizuizi vya barabarani vimezidi, haji.

Na hii baridi ya asubuhi. Sisi wa Kigoma hatukuizoea. Juzi Idrisa alinisomea somo atakalofundisha: mababu wa kima na nyani (na sisi pia, anasema, ila hilo usimwambie baba) walianza zamani sana, dunia ikiwa na joto na mvua hata kwenye nchi ambazo leo zina barafu. Kote kulikuwa na misitu. Walikuwa wadogo kama komba, wakishika matawi, wakila matunda na wadudu. Dunia ilipopoa, misitu ya kaskazini ikaisha, nao wakaisha huko. Waliosalia ni wa huku kwenye joto.

"Basi mimi ni komba," nikamwambia.

"Macho unayo," akajibu. Tulicheka sana.

Kesho yake asubuhi nilishindwa na baridi, nikatoka uani kuota jua. Mama mkwe akanikuta.

"Yewe, umejifunua mwenyewe? Kwenu hakuna watu?"

Hakunigombeza zaidi. Alinifunika kitenge, akanirudisha ndani, akalia. Majirani walikuwa wameshaona. Sasa anasema asipokuja mama mzazi kunifunua, mtaa mzima utasema mwanawe aliniokota njiani.

Njoo wewe, mama. Pitia Ngara, Idrisa atakupokea mpakani Rusumo. Dagaa na mawese vinatosha.

Msalimie baba, na kaka, mwambie sina kinyongo, na shangazi aliyenisuka nywele za harusi.

Siku hizi nahamisha mkeka kufuata jua la dirishani. Ukifika asubuhi utanikuta karibu na mlango. Mchana, kando ya kitanda. Jitahidi ufike kabla ya alasiri, maana baada ya hapo jua linakuwa limeshatoka chumbani, nami nimejifunika blanketi.

Mwanao uliyemwozesha mbali,
Zuhura