Kitambaa Kilicholala Kwenye Kilindo

Jumatatu, 9 Septemba 1974. Itigi.

Mbweko mmoja. Mfupi, mkavu, kama mlango wa behewa ukifungwa. Tangu juzi haujanitoka masikioni.

Asubuhi nimemtoa mbwa wangu wa polisi, Shaba, kupe, wote nyuma ya sikio. Nimempa ugali wa mtama na mifupa. Nimemtembeza hadi kwenye tangi la maji la reli na kurudi. Amekula vizuri. Mimi sijala.

Ya juzi, niyaandike yatulie. Kijiji kipya kule vichakani. Duka la ujamaa lilivunjwa usiku wa Alhamisi, magunia manne ya unga wa msaada yakaibwa, na mwaka huu watu wanachimba mizizi. Mwizi alidondosha kitambaa alichojizungushia mkononi kuvunjia dirisha. Jumamosi wanaume kumi na wawili wakapangwa mstari. Shaba alinusa kitambaa, akapita mstari wote, akarudi kwa Mzee Ntandu, mrina asali. Akakaa. Akabweka mara moja, kama nilivyomfundisha.

Watu walishangilia. Mama mmoja akasema, "Mbwa wa serikali hana mjomba hapa." Wakacheka. Mzee alinitazama mimi, si mbwa.

Unga haukukutwa kwake. Hata chembe.

Jumanne, 10 Septemba

Sajini Mkumbo, mkuu wangu, amemaliza taarifa. Ameandika kwamba mbwa huyu hajawahi kukosea. Ijumaa mzee anapelekwa kwa hakimu, Manyoni. Vijana wa kijijini wameshaangusha mizinga yake na kuichoma moto.

Mchana mkewe alimletea uji hapa kituoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alipokuwa anaondoka akauliza, "Mwanangu, kilindo changu balozi atakirudisha lini?"

Kilindo kipi, mama?

"Kile alichoazima kuwekea kitambaa cha mwizi."

Aliondoka na bakuli lake bila kungoja jibu.

Jumatano, 11 Septemba

Kosa ni langu. Wakati wa masika nilizunguka vijijini na Shaba kufundisha watu. Nilisimama mbele ya mkutano na viatu vyangu vinavyong'aa nikasema: kitu cha mwizi kisiguswe, kiokotwe kwa kijiti, kiwekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Kule mfuniko unaobana sawasawa ni wa kilindo, lile kopo la gome la mti la kuwekea asali. Kila mrina anacho. Sikufikiri. Darasani chombo kilikuwa chupa ya kioo.

Nimeenda kwa baiskeli ya kituo. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Masudi, alijivuna. "Hakuna aliyekigusa, binti. Kwa kijiti, kama ulivyosema. Kililala humo usiku kucha." Kilindo cha miaka mingi. Mikono ya Mzee Ntandu, moshi wake, jasho lake, vyote vimeingia kwenye gome. Hata mimi nilivisikia nilipofunua, na pua yangu ni ya mtu.

Nilikiazima. Njiani nilishuka nikaisukuma baiskeli.

Nimenunua kipande cha kitambaa cha marekani dukani, nimekichemsha, nimekianika juani, nimekiweka kilindoni kwa vijiti viwili. Hakuna mwizi aliyewahi kukiona.

Naogopa kesho. Sijui niombe Shaba akosee au apatie.

Alhamisi, 12 Septemba

Sajini alikuwa stesheni. Nilimwomba askari wa zamu amtoe mzee aote jua, nikaazima wapakuzi wanne wa mizigo, wakasimama naye mstari. Walitaniana. Mmoja akasema akibwekewa yeye, mkewe atafurahi.

Nilimnusisha Shaba kile kipande cha marekani, nikamfunga kamba ndefu, nikaiacha ilegee, nikageuza uso. Nisimwonyeshe chochote.

Nilisikia kucha zake kwenye changarawe. Zikapita. Zikarudi. Kimya.

Kisha mbweko mmoja.

Sikuhitaji kugeuka. Mzee alisema kwa upole, "Tena mimi."

Sajini alipata habari kabla ya saa sita. Hakufoka, ingekuwa afadhali. Alifunga mlango. "Binti, ukilisema hili, kila kesi ya mbwa huyu itafukuliwa. Mbwa atachukuliwa. Unajua mbwa aliyekosea anafanywa nini. Na wewe utarudi kwenu ukalime." Kisha akaniambia nikapumzike, nimechoka.

Najua anafanywa nini. Chuoni niliona shimo nyuma ya mabanda.

Nimekaa na Shaba hadi jua limeshuka. Ameniwekea kichwa gotini. Hakukosea. Nilimuuliza swali bovu, akalijibu sawasawa. Nani atamtetea kwa hilo?

Ninachoogopa zaidi sijakiandika bado. Mwezi wa sita. Vijiji viwili, wanaume wawili, vitambaa viwili. Sikuuliza vilikuwa vimewekwa wapi.

Jumamosi, 14 Septemba

Upepo. Vumbi jekundu kwenye kila kitu, hata kwenye ukurasa huu.

Nimeamka mapema, nimefagia banda. Imebaki sufuria ya maji na manyoya machache kwenye waya. Shaba ameondoka leo na treni ya asubuhi, mdomo umefungwa, na askari asiyemjua. Hakubweka. Nilimwandikia yule askari kwenye karatasi jinsi anavyokula.

Mke wa Mzee Ntandu alipita kuchukua kilindo chake. Mumewe alirudi nyumbani jana jioni. Alinipa asali kidogo kwenye kikombe. Sijaionja.

Sajini hanisemeshi. Naingojea barua yangu ya kuachishwa kazi.

Jana nilipanda treni ile ile iliyompeleka mzee, behewa la nyuma. Maelezo yangu nilimkabidhi hakimu mkononi kabla hajakaa. Kurasa mbili. Katika wa pili niliandika majina ya wale wawili wa mwezi wa sita na gereza walipo.